Komunike zinazoleta vita: maneno yetu kwa vijana wa Butembo na Beni

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Butembo na wenzetu waliotoka Beni. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, sababu barabara si rahisi na kila mutu anajua kwa nini.

Kuna swali ambalo munaliuliza kila siku kwenye makundi ya WhatsApp. Wengine wanauliza: je, tutapigana na Uganda? Wengine wanauliza: Rwanda na Uganda watakuja kupigana tena hapa kwetu? Siye hatuna jeshi wala ubalozi, na hatutajidai kuwa na habari za siri. Lakini tunajua kusoma komunike. Tumesoma nyingi tangu 2021, na kitu kimoja tumekiona: mara nyingi vita kati ya inchi jirani hutayarishwa mezani, kwa neno lililotupwa ovyo, kwa mukataba ambao hakuna raia aliyeuona, kwa balozi aliyefukuzwa siku ile ile alipohitajika. Yule anayetaka vita anaokota kosa lile na kusema: munaona, walinitafuta wenyewe.

Tuanze na mahali tulipo. Kusini yetu, Kanyabayonga ilianguka mwishoni mwa Juni 2024, kisha Kirumba, na Desemba ya mwaka ule ule Alimbongo. Pamoja na M23 kuna askari wa Rwanda. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti iliyotoka Julai 2024, walisema ni kati ya 3,000 na 4,000. Kwa upande wetu mwingine kuna jeshi la Uganda, UPDF, tangu tarehe 30 Novemba 2021, kwa operesheni inayoitwa Shujaa, ya kuwinda ADF. Tangu Goma ianguke Januari 2025, askari hao wanaonekana hadi huko Lubero. Kwa hiyo majeshi ya inchi mbili jirani yako ndani ya jimbo moja. Moja liliitwa na serkali yetu. Lingine halikuitwa na mutu, na wakubwa wake wamekana miaka mingi kwamba liko. Na kinachowaunganisha ni ile barabara moja inayopita mbele ya milango yetu.

Wazee wetu watasema: hii tulishaiona. Ni kweli, na tunaomba vijana waisikilize vizuri, maana shuleni hatukuifundishwa.

Agosti 1998, Rwanda na Uganda waliingia Kongo pamoja, marafiki wakubwa, wakiwa nyuma ya kundi lililoitwa RCD. Julai 1999, wakubwa wa inchi zilizokuwa vitani walitia sahihi kule Lusaka mukataba wa kusimamisha mapigano. Sasa RCD ilikuwa imepasuka vipande viwili: upande wa Goma uliotegemea Kigali, na upande wa Wamba dia Wamba, uliohamia Kisangani na kutegemea Kampala. Swali likawa: nani atie sahihi kwa jina la RCD? Fikirini kidogo. Swali la kalamu tu, nani aishike. Agosti 1999 marafiki wale wawili wakapigana Kisangani. Wakapatanishwa, na suluhisho likapatikana kwamba waanzilishi wa RCD, watu kama 50, watie sahihi wote pamoja. Makaratasi yakawa sawa. Lakini majeshi mawili yaliachwa katika muji mumoja, kila moja na mutu wake na hasira yake. Mei 2000 wakapigana tena. Halafu, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, ikaja ile vita ya siku sita, mabomu yakianguka juu ya mitaa ya watu. Mamia ya raia walikufa, katika muji ambao hauna mupaka na Rwanda wala na Uganda.

Na sisi wa huku tusifikiri ilikuwa habari ya Kisangani peke yake. Upande ule wa Kampala njo uliokuja kuwa RCD-K/ML, na makao yake baadaye yakawa hapa Beni, chini ya Mbusa Nyamwisi. Wazazi wenu wamelipa kodi kwa serkali ile. Muwaulize.

Vita ile ilifika mahakamani. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilisema kwamba Uganda ilivunja uhuru wa inchi yetu. Na tarehe 9 Februari 2022 ikaamua Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Kesi dhidi ya Rwanda, mahakama hiyo hiyo ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuihukumu, sababu Rwanda haikuwa imekubali mamlaka yake. Tazameni tarehe sasa. Uamuzi wa mwaka 2022 ulitoka wiki kumi tu baada ya operesheni Shujaa kuanza. Yaani Uganda inatulipa deni la kuingia kwetu mara ya kwanza, huku askari wake wakiwa wameingia mara ya pili. Hatusemi kuingia huku ni sawa na kule. Mara hii serkali iliwaita, na kuna vijiji vya Beni ambako watu walirudi mashambani kuvuna kakao sababu ya operesheni hizo. Mwenye kuishi Beni hawezi kucheka na ADF. Tangu Oktoba 2014 tunazika. Lakini tunauliza swali la mutoto: mukataba uko wapi? Umeandikwa wanakaa hadi lini? Wafike hadi wapi? Wakikutana na askari wa Rwanda karibu na Lubero, amri ni gani? Askari wao akimugonga raia kwa gari ya kivita kwenye barabara, raia huyo alalamike wapi? Sisi raia hatukuonyeshwa maandishi. Wakubwa wa Kinshasa wanajibu kwamba ni siri ya kijeshi. Mahali askari walipo leo usiku, hiyo ni siri ya kijeshi. Sheria inayowaruhusu kuwa hapa haiwezi kuwa siri kwa watu wanaoishi nao.

Kosa la kwanza, kwetu sisi, njo hilo: jeshi la jirani kukaa ndani ya inchi bila maandishi ambayo raia wanayajua. Sababu siku urafiki ukiharibika, hakuna mutu atakayeweza kusema "mumevuka mustari". Mustari haukuchorwa.

Na urafiki wa Kampala unabadilika sawa hewa ya Butembo. Mupaka wa Katuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa tangu Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, wakishtakiana upelelezi na kuua. Halafu jenerali Muhoozi Kainerugaba, mutoto wa rais Museveni, alienda Kigali, akarudi, na mupaka ukafunguliwa. Vizuri. Lakini miaka miwili tu baadaye, ripoti ile ile ya Julai 2024 ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ilishtaki Uganda kwamba inasaidia M23, ikiwa pamoja na kuwaacha wapite kwenye ardhi yake. Kampala ilikana. Julai 2025 Uganda ikafungua tena mipaka ya Bunagana na Ishasha, wakati upande wa pili wa kizuizi wanaopokea ushuru ni M23. Huku Beni anapigana pamoja nasi, kule Bunagana anafanya biashara na yule anayetupiga. Kama si kosa la kidiplomasia, basi ni kitu kibaya zaidi, na tunaacha kila mutu achague jina.

Tunafika kwa simu ya yule jenerali. Oktoba 2022 aliandika kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki mbili kuchukua Nairobi. Watu walicheka, Wakenya wakatengeneza vichekesho vizuri sana. Baba yake aliomba Wakenya musamaha, akamuondoa kwenye ukubwa wa jeshi la nchi kavu, na siku ile ile akamupandisha cheo kuwa jenerali kamili. Machi 2024 akamufanya mukubwa wa majeshi yote. Munafundisha nini mutu kwa njia hiyo?

Halafu tarehe 15 Februari 2025 zamu yetu ikafika. Aliandika kwamba anatoa saa 24 kwa majeshi yote yaliyoko Bunia yaweke silaha chini, bila hivyo atashambulia. Bunia! Muji mukubwa wa Ituri, wenye gavana wake na jeshi la taifa ndani. Siku tatu baadaye UPDF wakaingia Bunia kweli, na musemaji wao akaeleza kwamba wamekuja kwa makubaliano na jeshi la Kongo. Kwa hiyo tulikuwa na maelezo mawili kwa kitendo kimoja: mukubwa anasema nawashambulia, musemaji wake anasema tumealikwa. Na Kinshasa? Ilinyamaza, au ilisema kidogo sana hata hatukusikia huku. Kunyamaza nako ni kosa. Siku ile Kinshasa ilipaswa kumuita balozi wa Uganda, kumuonyesha maandishi yale, na kumuuliza mbele ya raia: ni ipi ya hizi mbili njo sauti ya serkali yenu? Kumuita balozi hakugharimu risasi hata moja.

Sasa tusijidanganye kwamba makosa yote yanatoka kwa jirani. Tunajua kuna watu wataandika chini ya maneno haya kwamba tumelipwa na Kigali. Waandike.

Desemba 2023 ilikuwa kampeni. Tarehe 18, kule Kinshasa, rais Tshisekedi alisema mbele ya watu kwamba akichaguliwa tena, na Rwanda ikiendelea, ataomba ruhusa ya parlema atangaze vita, na kwamba wangefika hadi Kigali. Siku chache kabla, Bukavu, alimufananisha Kagame na Hitler. Watu walipiga makofi, hata huku, tukubali. Hasira ilikuwa ya haki: Bunagana ilikuwa mikononi mwa M23 tangu tarehe 13 Juni 2022. Lakini sikilizeni kilichofuata. Februari 2024 Marekani iliiambia Rwanda iondoe askari wake na makombora yake Kongo. Wizara ya mambo ya inchi za kigeni ya Rwanda ikajibu kwa komunike: viongozi wa Kongo wametangaza wenyewe kwamba watashambulia Rwanda na kubadilisha serkali yake, nasi tunawachukua kwa neno lao, tumerekebisha musimamo wetu. Munaona? Jeshi lililokuwa kwetu zaidi ya mwaka mumoja kabla ya ile kampeni likapata sababu yake baada ya kampeni. Tuliwapa barua ya ruhusa kwa mudomo wetu. Miezi kumi na tatu baada ya mukutano ule wa Kinshasa, Goma ilianguka.

Ni vizuri kujua pia kwamba Katiba yetu, kifungu 143, haimupi rais vita kama kitu cha jukwaani. Anahitaji baraza la mawaziri, maoni ya baraza kuu la ulinzi, na ruhusa ya wabunge na masenata. Waliotunga sheria ile walikuwa wametoka vitani. Walijua kwa nini wanaweka milango mingi.

Kosa lingine la Kinshasa ni hili la kutuambia kitu kimoja na kutia sahihi kitu kingine. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Novemba ile Wakenya wakatua Goma pamoja na jeshi la Jumuiya. Huku tuliambiwa wanakuja kupigana na M23. Wao walisema wamekuja kusimama katikati na kulinda maeneo ambayo M23 ingeacha. Vijana wenzetu wa Goma waliandamana wakisema hawa ni watalii. Desemba 2023 jeshi lile likaondoka, Kinshasa ikakataa kuongeza muda wake, na tukabaki bila jeshi lile na bila urafiki wa Nairobi. Mwezi ule ule Corneille Nangaa alitangaza muungano wake na M23 ndani ya hoteli ya Nairobi, Kinshasa ikamuita balozi wake arudi. Agosti 2025 Kenya nayo ikatangaza mutu wa kuwa konseli wake Goma, wakati Goma iko chini ya M23, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Konseli hupokelewa na serkali ya inchi. M23 si serkali ya inchi. Kinshasa ilikasirika, na mara hii ilikuwa na haki. Lakini wafanyabiashara wa Butembo ambao konteneri zao zinashukia Mombasa wanajua kwamba kila ugomvi na Nairobi unaishia kwenye bei ya sukari na ya mabati sokoni.

Na kuna ule ukaidi wa Desemba 2024. Tarehe 15, Luanda, Kagame na Tshisekedi walipaswa kukutana mbele ya rais wa Angola. Kagame hakuja; Kigali ilitaka Kinshasa ikubali kwanza kuongea na M23 uso kwa uso, Kinshasa ikakataa kabisa. Machi 2025 Kinshasa ilikubali kutuma wajumbe Luanda, halafu ikaongea nao Doha. Kile kilichokataliwa Desemba kikakubaliwa Machi, na katikati tulipoteza Goma na Bukavu. Hatusemi kuongea kungeokoa Goma. Huenda walikuwa wamekwisha amua. Ila serkali inayosema "kamwe" hadharani inapaswa kuwa na nguvu ya kuishikilia ile kamwe, la sivyo afadhali iseme "tutaona".

Kwa Kigali tutasema kidogo, sababu kosa lao halijifichi, na wengine waliwasaidia kulifunika. Aprili 2023, kule Cotonou, rais Kagame alisema kwamba wakoloni walichora mipaka, na sehemu ya Rwanda ikabaki nje, Kongo na Uganda. Rais wa inchi yenye askari kwa jirani akianza kuongea habari za mipaka ya zamani, jirani afikiri nini? Na sisi wa huku tungekuwa wa kwanza kupotea katika hesabu hiyo, sababu mupaka wa wakoloni ulitukata hata sisi: Banande huku, Bakonzo kule Bwera na Kasese, na lugha moja. Huku tunasema wasingya, kule wanasema wasingya. Hakuna aliyetuma jeshi kwa sababu hiyo. Wanawake wanavuka Kasindi na mizigo yao, wanauza, wanarudi. Njo namna watu wenye akili wanavyoishi na mupaka mubaya.

Ulaya nayo ina lake. Tarehe 19 Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi na Rwanda mukataba wa madini ya thamani. Siku zile Sake ilikuwa inapigwa, na wakimbizi walikuwa wanajaa Goma. Labda pale Bruxelles ofisi ya madini haiongei na ofisi ya vita. Lakini jenerali akisoma habari ile anaelewa haraka: hakuna atakayetuadhibu. Vikwazo vilikuja Machi 2025, zaidi ya mwaka mumoja baadaye, siku moja kabla ya mazungumzo ya Luanda, na M23 wakavitumia kama sababu ya kutokwenda. Adhabu ilichelewa mwaka, halafu ikaja siku mbaya.

Tukae kidogo kwenye mukataba wa Washington, sababu wengi munatuuliza kama umekufa. Ulitiwa sahihi na mawaziri tarehe 27 Juni 2025, na marais wakaweka sahihi zao tarehe 4 Desemba 2025. Someni maandishi yake. Hamutakuta mahali pameandikwa kwa wazi "jeshi la Rwanda litoke Kongo". Mutakuta "kuondoa hatua za kujilinda za Rwanda", na hilo linakwenda pamoja na Kongo kumaliza FDLR. Hatua za kujilinda! Mutu amevunja nyumba yako, amelala kwenye kitanda chako, na karatasi inamuomba alegeze hatua zake za kujilinda. Februari ya mwaka ule ule Baraza la Usalama, katika azimio 2773, lilikuwa limetaja jeshi la Rwanda kwa jina lake na kulitaka liondoke bila masharti. Kwa nini tuliacha neno la wazi na kuchukua neno la ukungu? Wanadiplomasia watatuambia kwamba bila ukungu hakuna sahihi. Inawezekana. Lakini tarehe 10 Desemba, siku sita baada ya zile picha za Washington, M23 waliingia Uvira. Walisema wao hawakutia sahihi ule wa Washington, wao wana mazungumzo yao Doha. Na ni kweli hawakutia. Tumerudi kwa swali la Lusaka la 1999: kalamu iko mikononi mwa nani?

Sasa mutatuuliza: kuna siku ambapo diplomasia ilifanya kazi? Iko, na haiko mbali. Agosti 2007, kwenye ziwa Albert, askari wa Kongo na wa Uganda walipigana risasi, Mwingereza mumoja aliyefanya kazi ya kutafuta mafuta akafa, na kisiwa kidogo cha Rukwanzi kikawa ugomvi wa inchi mbili. Kila kitu cha kuanzisha vita kilikuwepo, hata mafuta. Mwezi mumoja baadaye, Septemba, Kabila na Museveni walikutana Ngurdoto, Tanzania, wakatia sahihi mukataba: tume ya pamoja ya kuangalia mupaka, hakuna kuwapa wapiganaji wa mwenzako mahali pa kukaa, wakubwa wa mipakani wakutane. Haukumaliza mambo yote. Mwaka 2018 askari walipigana tena risasi kwenye ziwa Edouard, na wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi wangali wanakamatwa kwenye maji. Ila vita haikuja. Mukataba uliandikwa, watu waliujua, na mutu wa mupakani alikuwa na namba ya kupigia mwenzake wa upande wa pili. Tunaomba kitu kidogo hivyo, na wanatuangalia kama tunaomba mwezi.

Wanasiasa wanapenda kutuambia ile methali ya tembo wawili na nyasi. Tumeichoka. Nyasi hazipigi kura. Butembo na Beni wamepiga kura Desemba 2023, wana wabunge wao Kinshasa, na wabunge hao wana haki ya kumuuliza waziri swali na kudai jibu. Kifungu 214 cha Katiba kinasema mikataba ya amani inakubaliwa kwa sheria tu, maana yake inapita kwao. Kwa hiyo barua yetu inaenda kwa wabunge wa Butembo na wa Beni, muji na teritware, kila mumoja kwa jina lake. Tunaomba wadai maandishi ya operesheni Shujaa yawekwe hadharani: muda, mipaka ya mahali, na njia ya raia kulalamika. Tunaomba pia waulize kama kuna simu au tume yoyote kati ya UPDF na jeshi letu ya kuzuia wasijikute wanapigana na Rwanda Lubero kwa bahati mbaya, sababu Januari 2025 jeshi la Uganda lilitangaza lenyewe kwamba linachukua musimamo wa kujilinda mbele, ndani ya Kongo, na hatujaelewa mbele ni wapi. Na serkali isikate tena njia zote za kuongea na jirani, hata adui. Oktoba 2022 tulimufukuza balozi wa Rwanda, Januari 2025 tukakata uhusiano wote. Leo tunaongea naye kupitia Qatar na Marekani, tukilipa tiketi za ndege za mbali kumufikia mutu anayekaa kando ya Goma.

Kuna kazi nyingine ambayo haipiti Kinshasa, iko mikononi mwetu na kwenye simu zetu. Kila mara jenerali fulani anapoandika, ndani ya saa moja tunaona sauti za WhatsApp: Waganda wametuvamia, fungeni barabara, mutafute Muganda yeyote sokoni. Halafu wengine wanaanza kutazama pua za watu na kuuliza mutu anaongea lugha gani nyumbani. Dereva wa lori wa Kampala aliyelala Kasindi hajaandika kitu kwenye X. Mama anayeongea Kinyarwanda, aliyekimbia Rutshuru na watoto wake kuja Lubero, amekimbia vita hiyo hiyo unayokimbia wewe. Juni 2023 ADF waliua watu zaidi ya 40 kwenye shule ya Mpondwe, pale ng'ambo ya Kasindi, wengi wao wanafunzi. Walikuwa watoto wa Bakonzo, na kilio chao tulikisikia kwa lugha yetu. Ukipata sauti kama ile, usiipeleke mbele. Uliza nani ameisema, lini, wapi. Kama hakuna jibu, ifute.

Timu yetu ya Beni na ya Butembo itasoma kila komunike inayotoka Kinshasa, Kampala na Kigali juu ya Kivu ya Kaskazini, na kuieleza hapa kwa Kiswahili na Kinande, neno kwa neno, hata zile za ukungu. Tunatafuta watu watano zaidi wanaosoma Kifaransa na Kiingereza vizuri na wasiochoka haraka. Barua kwa wabunge iko tayari. Karatasi za sahihi zinapita katika mitaa ya Butembo wiki hii, na Beni wiki ijayo. Wenye kutoka Kasindi, Oicha na Lubero wachukue za kupeleka kwao. Tia jina lako lote, usiweke jina la Facebook. Mbunge anahesabu majina.